Hotuba ya Mwenyekiti: Ukuta wa Kupangia Viraka



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai, na sanduku letu likiwa zima na kufuli zake tatu. Miaka kumi si mchezo. Wapo waliosema hatutafika hata miwili. Nao tunawakaribisha, leo kuna wali.

Katika sherehe kama hii mwenyekiti hutegemewa kusoma hesabu. Hesabu atasoma mweka hazina, naye anazijua kuliko sisi. Wanachama wametuomba tueleze kitu ambacho wageni wengi wamekiulizia tangu asubuhi, yaani lile blanketi kuukuu la kijivu lililotundikwa pale, lenye vipande vya vitenge visivyoshonwa. Wengine wamedhani ni pambo. Ndugu zetu, si pambo. Ni kitendea kazi, tunakiita ukuta wa kupangia, na kilizaliwa katika ugomvi ambao nusura ukivunje kikundi hiki.

Mnatufahamu sisi akina mama wa Wampembe. Kazi yetu ni dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hawapati kitu, na sisi hatuna cha kuanika. Ndiyo maana tangu mwanzo tulitafuta kazi ya pili. Mafundi cherehani walikuwa wakitupa vipande vya vitenge na khanga, sisi tukaviokota na kushona mashuka ya viraka, yale mazito ya tabaka mbili, katikati tunaweka nguo kuukuu. Huku ziwani kuna joto, lakini wenzetu wa juu, Namanyere na Sumbawanga, mwezi wa sita na wa saba wanatetemeka. Soko lipo kule.

Katika mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alipata oda ya shuka kubwa kutoka huko juu. Akaomba mkopo anunue nyuzi, kitambaa cha chini na vipande vya kuongezea. Tukampa. Akashona usiku na mchana. Shuka lilipokunjuliwa mbele ya mteja, kumbe rangi nzito zote zimeangukia upande mmoja, upande wa pili umepauka, na kitenge kimoja kimejirudia mara nne pamoja kama doa. Mteja akalikataa. Mwenzetu akajaribu kufumua, vitambaa vikachanika. Marejesho yakasimama.

Hapo ndipo tulipojuana. Wengine walisema achukuliwe mbuzi wake. Wengine wakasema asamehewe. Wengine wakaacha kununua hisa, eti wangoje waone kwanza. Majuma matatu tulikutana, tukagombana, tukaondoka bila kufungua sanduku. Haya hatukuyasema hadharani mpaka leo.

Mwisho tukaamua kwenda nyumbani kwake, si kuchukua mbuzi, kuona tu. Tulipofika tukaona aibu sisi wenyewe. Chumba ni kimoja. Vipande alivipanga chini kwenye mkeka, watoto wakivuka, kuku wakiparua, na jioni anavikusanya ili watu wapate pa kulala. Kesho anaanza upya. Tena ukiinama juu ya mkeka unaona vipande vilivyo karibu na pua yako, shuka lote hulioni. Yule mama hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Hakuwa na mahali pa kusimama akaitazama kazi yake. Nasi viongozi tulipompa mkopo tuliuliza juu ya mdhamini, tukauliza juu ya mbuzi, hatukuuliza atafanyia kazi wapi. Kosa hilo lilikuwa letu.

Mmoja wetu, bibi aliyesoma dini zamani, ndiye aliyekumbuka jambo. Alisema katekista alikuwa na kitambaa chenye manyoya kilichowambwa kwenye ubao, picha akizibandika zinashika bila gundi wala pini. Tukajaribu hapo hapo na blanketi. Kipande cha khanga kikashika! Siri yake ni ndogo. Blanketi lina manyoya, na pamba nayo ina vinyoya vidogo sana. Vikikutana vinashikana.

Sasa tunaeleza namna ya kutengeneza, ili mwenye kusoma kitabu hiki aweze nyumbani kwake. Kitu cha kununua ni misumari tu.

Kwanza, tafuta blanketi kuukuu la rangi moja, la kijivu au jeupe. Lenye maua litakudanganya macho. Lifue, lianike, kisha lipige brashi kavu ili manyoya yasimame. Likiwa dogo au limetoboka, kata sehemu nzima uunganishe mawili. Kwa shuka tutakaloeleza, blanketi lisipungue sentimita 160 kwa 205.

Pili, kunja ukingo wa juu ushone kama njia ya mshipi, upitishe ufito ulionyooka au mwanzi. Fanya hivyo hivyo chini, ili uzito wa ufito wa chini ulivute blanketi lisijikunje.

Tatu, lining'inize kwenye misumari miwili. Kama ukuta ni wa udongo na msumari haukai, funga kwenye boriti kwa nyuzi za nyavu kuukuu, ambazo hapa kwetu hazikosekani. Nyuma yake tanguliza viroba vilivyofumuliwa, vumbi la ukuta lisipenye. Chagua ukuta unaopata mwanga wa mlango au dirisha, mbali na moshi wa jiko.

Nne, kata vipande kwa kipimo kimoja. Sisi tuna pateni ya boksi, mraba wa sentimita 17. Mshono unakula sentimita 1 kila upande, kinachobaki ni 15. Vipande 10 kwa upana na 13 kwa urefu ni vipande 130, na shuka lake likiisha ni sentimita 150 kwa 195. Hapa wengi hukosea. Ukivipanga ukutani bila kupandanisha vitachukua nafasi kubwa kuliko shuka lenyewe, na blanketi halitatosha. Basi kila kipande kipande juu ya mwenzake sentimita 2, ndipo utaona shuka litakavyokuwa.

Tano, panga rangi nzito kwanza, uzitawanye, kisha jaza nyepesi. Rudi nyuma hatua tano, hata ikibidi utoke mlangoni. Fumba macho nusu. Maua ya kitenge yatapotea, utabaki unaona giza na mwanga tu. Palipo na doa utapaona. Halafu liache lilale. Rangi ya usiku kwenye taa si rangi ya asubuhi.

Sita, ukiridhika usivivue vyote kwa pamoja. Vua mstari mmoja, kuanzia kushoto, vitunge kwenye uzi kwa mfuatano wake na ufunge karatasi yenye namba ya mstari. Shona mstari huo, urudishe ukutani, ndipo uvue wa pili.

Na kama chumba ni hicho hicho cha kulala, jioni tandaza khanga kuukuu juu ya vipande, likunje blanketi taratibu kama jamvi, lisimamishe pembeni. Asubuhi unalikunjua, kila kipande kiko mahali pake. Upepo wa ziwa ukizidi, tumia pini au miiba. Jinsi ni nzito, nayo ipigwe pini. Nailoni na vitambaa vya kuteleza havishiki kabisa.

Mwenzetu yule alikuwa wa kwanza kutundikiwa ukuta. Mteja wa kwanza hakurudi, tusidanganyane. Lakini vile vipande vilivyosalimika alivipanga upya, akatoa mashuka mawili ya watoto, yakanunuliwa. Mkopo aliumaliza kwa kuchelewa, lakini aliumaliza, na mbuzi wake hakuguswa. Leo ndiye anayewafundisha wapya.

Kutokana na jambo hilo tulitunga sheria ambayo mpaka leo ipo kwenye katiba yetu. Mkopo wa kushona hutolewa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya vipande. Sehemu ya pili, ya nyuzi na kitambaa cha chini, hutolewa baada ya wanachama watatu kwenda kuona kazi ukutani. Wakiona kasoro wanasema, bila kucheka. Neno la mwisho ni la mwenye kazi. Kipande kilichoko ukutani unakihamisha kwa kidole. Kikishashonwa, unakihamisha kwa mkasi na machozi.

Wapo wanaotucheka kwamba viraka ni umaskini. Tunawajibu kwamba mababu wa Ufipa walilima pamba, wakaisokota na kufuma nguo zao wenyewe, kabla nguo za madukani hazijaiua kazi ile. Kazi ya nguo si ngeni hapa. Mhisani wetu mmoja alituonyesha pia picha za mashuka ya akina mama weusi wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani. Walishona kwa nguo za shambani zilizochakaa. Mwaka 1966 akina mama wa eneo lile walianzisha ushirika wa kushona na kuuza, na mwaka 2002 mashuka ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, watu wakaenda kuyatazama. Nayo yalitundikwa ukutani, jamani, kama letu.

Ndugu Mgeni Rasmi, faida ya kazi hii tuliiona vizuri mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatukupinga, maana samaki tumeona wenyewe wanavyopungua. Lakini miezi mitatu bila dagaa ni mirefu kwa mama mwenye watoto. Bahati ni kwamba miezi ile ile ndiyo ya baridi kule juu. Kuta zetu zilijaa. Wapo walionunua hisa moja tu badala ya tano, wapo waliokopa mfuko wa jamii, lakini hakuna mwanachama aliyejitoa, na sanduku lilifunguliwa kila juma.

Tunamalizia kwa ombi. Leo hatuombi fedha. Mafundi cherehani, msichome vipande, tuwekeeni. Na ninyi wageni wetu, mwenye blanketi lililochakaa asilitupe wala asimlazie mbwa. Tuna wanachama wapya saba ambao bado wanapanga kazi yao chini, na kuku wanapita.