Mashini yetu ya mu wingu: nani atashika ufunguo?



Wengi wetu hapa tuko na diplomi ya unif na kazi hatuna. Matangazo yanataka mutu anayejua kusimamia seva. Seva tutaijulia wapi, na umeme unakuja saa inajitakia yenyewe? Njo maana leo tunazungumuza juu ya mashini ya mu wingu.

Wingu hilo haliko juu. Ni ordinateri kubwa ndani ya nyumba yenye umeme siku zote. Programu inazigawa vipande, kila kipande kinafanya kazi sawa vile ordinateri kamili, na njo hicho tunakodi kwa saa. Amazon ilianzisha yao, EC2, mu 2006, na kazi kubwa ya kuitengeneza ilifanyika Cape Town, hapa hapa Afrika. Ila ordinateri zenyewe za kukodisha Amazon ilizifungua Cape Town mu 2020 tu. Akili ilitoka hapa, mashini zikakaa kwa wengine miaka 14!

Kuifungua si ngumu: unachagua Ubuntu, unachagua mashini ndogo, giga 1 ya memori inatosha kujifunzia. Shida iko ku ufunguo, tukae hapo kidogo.

Ufunguo uko wa vipande viwili. Kimoja kinawekwa ku mashini, kingine hakitoki kwako. Telefone ya Android yenye Termux inatosha: unaweka openssh, unaandika ssh-keygen -t ed25519. Itakuomba neno la siri. Musiliruke, telefone zinaibiwa kila siku. Zitatoka fishie mbili, na ile inayoishia na .pub peke yake njo inatumwa. Mutu akiomba ile ingine ku WhatsApp, hata akiwa rafiki, hapana.

Na kila mutu awe na wake. Kikundi kikiwa na ufunguo mumoja mu telefone ya mutu mumoja, siku anashikwa ao telefone yake inachukuliwa, wote tunabaki inje. Tukiwa watatu, kila mumoja na wake, tunafuta mustari wake mu authorized_keys na kazi inaendelea.

Kuingia: ssh ubuntu@ na adresi ya mashini. Ikijibu "Permission denied (publickey)", mashini iko muzima, ni jina ao ufunguo haviendani. Ikinyamaza kabisa, mara nyingi mulango 22 umefungwa ku sheria za kampuni. Musiufungulie dunia yote bila kuzima kwanza kuingia kwa neno la siri. Kuna programu zinazogonga huo mulango usiku na mchana.

Rezo ikikatika katikati ya kazi? Anzisheni tmux kwanza. Kazi itaendelea huko, mukirudi mutaikuta. Lakini tukumbuke: nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa mu inchi yetu karibu wiki tatu. Siku sawa hizo mashini inaishi na sisi hatuifikii. Kopi ibaki hapa, ku flashi. Na majina ya watu waliotupatia ushuhuda hatutayaweka huko hata kidogo.

Sasa feza. Kampuni nyingi zinaomba karte ya benki hata pale zinasema ni bure. Kuzima mashini si kuifuta: diski inaendelea kulipwa. Ku Amazon, adresi uliyojiwekea inalipwa nusu senti ya dola kwa saa hata mashini ikilala, njo dola 3,6 kwa mwezi. Kwa mutu asiye na kazi, hiyo ni mega za siku nyingi.

Siku ya mazoezi mulete telefone zenye chaji, Termux iwe imeisha kuingia. Tutaanza na funguo. Watatu watakaozishika mutawachagua wenyewe, mbele mashini haijafunguliwa.