Oili ya Giaboksi Otomatiki

Msikilizaji wa Juja, magari mengi ya otomatiki hapa kwetu yalitumika Japani kwanza, kwa hiyo soma kitabu cha gari ujue oili yake. Oili ya giaboksi aina ya CVT na ya otomatiki ya kawaida hazibadilishani. Ukikosea, giaboksi inaweza kuharibika.

Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia oili hupimwa hivi: endesha mpaka oili ipate moto, egesha mahali tambarare, injini ikiendelea kunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, rudisha kwenye P. Futa kijiti kwa kitambaa safi, kirudishe, kichomoe tena. Oili ifike kwenye alama za moto. Ikinuka kuungua, muone fundi kwanza.

Kubadilisha oili kunahitaji stendi imara; tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Pima oili iliyomwagika, ujaze kiasi kile kile, kisha upime upya. Oili nyingine hubaki ndani ya giaboksi, ni kawaida. Gari lisilo na kijiti lipeleke gereji.

Oili chafu itie kwenye jerikeni, uwapelekee gereji wanaoikusanya. Usiimwage mtaroni, kwani mtaro wa mtaani huishia mtoni.