Kijana Anayerudi Chuoni Baada ya Kutibiwa

Mawaidha ya Ramadhani, Tiwi, baada ya sala ya tarawehe

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mnaotusikiliza upande wa pili, tuzungumze usiku huu jambo tunalolinong'ona: vijana wetu waliotumbukia katika mihadarati, wakatibiwa, na sasa wanarudi masomoni Sur au Maskati.

Aliletwa mbele ya Mtume mtu aliyekuwa akirudia kulewa. Mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, lakini udugu haukukatwa.

Milango ya tiba ipo. Sheria ya Oman ya mwaka 1999 ilimwepusha na mashitaka mtumiaji anayejitokeza mwenyewe kutaka tiba, na Hospitali ya Al Masarra inawapokea wagonjwa hawa. Kwetu Afrika Mashariki, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Zanzibar zipo nyumba za kuwalea walioacha.

Lakini tiba haiishii hospitali. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani. Anayeteleza mara moja anaweza kufa usiku huo huo. Basi kijana akiteleza, akaogopa kusema kwa sababu ya aibu tuliyomvisha, sisi tumeshiriki katika kumwangamiza. Na anayetumia methadoni asiikatize kwa ajili ya saumu kabla ya kumwuliza daktari wake na mwanachuoni. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake.

Tufanyeje? Tumkaribishe kwenye futari bila kumhoji. Baada ya tarawehe ndipo marafiki wa zamani hupiga simu. Apate mwenzake wa kukaa naye mpaka daku. Mzazi alipe ada chuoni mwenyewe, asimtwishe kijana fedha nyingi mkononi. Siri yake isifike barazani wala kwenye makundi ya simu. Na akija kuposa, tumpime kwa hali yake ya leo.

Sote tunaomba msamaha katika mwezi huu. Tusimnyime mwenzetu kile tunachokiomba.

Ewe Mola, waponye vijana wetu, wathibitishe katika toba, na utusitiri sote. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.