Swali Lake Lilikuwa na Jina
Hotuba ya kamati kwa mkutano mkuu, juu ya kusindikiza wanafunzi wetu kwenye utafiti wa lugha za kompyuta



Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akatuuliza swali, na watu wengi walimpigia makofi. Alisema: «Sanduku letu ni la matanga, ugonjwa na masomo ya batoto wadogo. Huyu binti yuko tayari na diploma ya chuo kikuu. Juu ya nini tunaendelea kumulipia mega za intaneti kila mwezi?» Kamati iliomba muda ili ijibu vizuri. Leo tunajibu, na kisha ninyi wenyewe mtaamua.

Tuanze na kosa letu. Miaka michache iliyopita kuko kijana wetu mmoja aliyemaliza informatika na alama nzuri. Alikuja kwa kamati akasema anapenda kuendelea mpaka daktari wa masomo. Sisi hatukumuuliza anataka kuchunguza nini. Tulimwambia: tafuta kazi kwanza, hayo mengine ni ya watoto wa matajiri. Alitii. Leo anatengeneza simu sokoni na anakulisha nyumba yake, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini swali alilokuwa nalo hatukulisikia hata siku moja. Tulimfungia mlango bila kuangalia kama kulikuwa na njia ng'ambo yake.

Binti tunayezungumzia alipita mlango mwingine, na ni sanduku letu lenyewe lililomfungulia. Mnakumbuka siku mweka hazina alipotuonyesha hesabu kwenye kompyuta, na jumla ikasema tuko na zaidi ya dola elfu ishirini. Kwa dakika moja tulikuwa matajiri! Kumbe mtu aliandika mchango wa falanga 20 000 kwenye safu ya dola. Pesa ambayo haifiki dola kumi iligeuka nyumba ya ghorofa. Tulicheka, tukarekebisha, tukaendelea. Binti yeye hakucheka. Aliuliza: «Juu ya nini mashini ilikubali kujumlisha dola na falanga bila kusema kitu?»

Alituuliza sisi, tukamwambia watu wawe makini. Aliuliza mwalimu wake, akaambiwa mashini haijui pesa, inajua namba tu. Akabaki na swali lake, akidhani ni swali la kijinga.

Sasa wanachama, tuelezane kidogo. Kompyuta haielewi Kiswahili wala Kifaransa. Mtu anaiandikia amri katika lugha maalum ya programu, kisha programu nyingine inatafsiri amri hizo mpaka mashini izifuate. Lugha hizo zilitungwa na watu. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha inayoitwa Fortran, kazi ya kikundi kilichoongozwa na John Backus, na tangu hapo zimetungwa nyingi sana. Wako watafiti ambao kazi yao ya maisha ni kuuliza: lugha hizi zitungwe namna gani ili watu wakosee kidogo? Je, lugha inaweza kukataa kosa kabla programu haijaanza kutembea? Huo ndio utafiti wa lugha za programu. Si kazi ya kutengeneza mashini, wala ya kuandika programu za duka.

Na kosa la dola na falanga si la sanduku la maskini peke yake. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo chake kilichotumwa kwenye sayari ya Mars, kinachoitwa Mars Climate Orbiter. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, ya upande mwingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. Namba zilipita, hakuna kitu kilichopiga kelele, na chombo kikapotea. Ni kosa la mweka hazina wetu, isipokuwa lao lilikuwa na bei kubwa zaidi.

Binti huyu alipata msindikizaji. Tueleze namna gani, maana watu wengine wanafikiri kuko mtu alimnunua. Chama cha dunia cha watafiti wa lugha za programu kinaitwa SIGPLAN. Kiko na mpango unaoitwa SIGPLAN-M, ambao unaunganisha mwanafunzi na mtafiti mzoefu, hata kama wako nchi tofauti, na wanazungumza kwa intaneti kwa muda mrefu. Mwanafunzi halipi kitu. Alijaza fomu kwa Kiingereza chake kidogo, akaandika habari ya dola na falanga kama tulivyowaambia. Jibu lilikuja.

Siku ya kwanza msindikizaji alimwambia jambo moja ambalo sisi hatukuweza kumwambia: swali lako si la kijinga, na liko na jina. Linaitwa swali la vipimo katika aina za data. Mtafiti Andrew Kennedy aliandika kitabu chake cha udaktari juu yake katika Chuo Kikuu cha Cambridge miaka ya 1990, na baadaye kazi hiyo ikaingia katika lugha inayoitwa F#. Katika lugha hiyo unaweza kuandika kwamba namba hii ni mita na ile ni sekunde, na ukijaribu kuzijumlisha, mashini inakataa palepale.

Wengine wangevunjika moyo: kumbe watu walishalifanya! Binti alifurahi mpaka akaja kutuamsha usiku. Alielewa kwamba watu wa mbali walikaa miaka na swali lilelile lililomjia hapa kwetu, kando ya ziwa, mbele ya daftari la chama. Msindikizaji akamwonyesha kwamba bado kuko kazi: dola na mita si sawa. Mita haibadiliki, lakini bei ya dola kwa falanga ya asubuhi si ile ya jioni. Lugha ifanye nini na kipimo kinachobadilika kila siku? Hapo ndipo anapochimba sasa, na sisi tunaoishi na pesa mbili mfukoni tunajua kwamba swali hilo si mchezo.

Msindikizaji anafanya nini kila mwezi? Mama aliyeuliza ana haki ya kujua, kwa sababu ni michango yake.

Kwanza, anamfundisha kusoma. Maandishi ya utafiti hayasomwi kama riwaya. Unasoma mwanzo na mwisho, unatafuta walidai nini na walithibitisha namna gani, kisha ndipo unaingia katikati. Pili, anamwomba nusu ukurasa kila wiki: nimesoma nini, sikuelewa wapi. Hapo binti alijifunza kuandika «sijui» bila haya. Tatu, anamweleza mambo ambayo watoto wa maprofesa wanayasikia mezani kwao: namna ya kumwandikia mwalimu wa chuo cha mbali, namna ya kuchagua atakayekusimamia, na kwamba kwenye vyuo vingi vya Marekani na Ulaya mwanafunzi wa udaktari wa fani hii halipi karo, bali analipwa mshahara mdogo kwa utafiti wake. Hili la mwisho hakuna hata mmoja wetu katika kamati aliyelijua. Njo maana yule kijana wa kwanza tulimwambia ni ya matajiri.

Vitabu je? Vingine viko bure. Kuko kitabu kinachoitwa Software Foundations, kilichoanzishwa na Benjamin Pierce na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kinapakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Ndani yake mwanafunzi anathibitisha mazoezi yake kwa programu iliyozaliwa Ufaransa, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Coq, maana yake jogoo, na sasa inaitwa Rocq. Mashini yenyewe inamwambia uthibitisho umekamilika au bado, hata usiku ambapo hakuna mwalimu karibu. Na kwa sababu Wafaransa wana mizizi mirefu katika fani hii, Kifaransa tulichosomea, hata kule kambini Nyarugusu, si mzigo. Kinamsaidia kusoma masomo mengi ya vyuo vyao.

Kuko pia siku maalum ya vijana inayoitwa PLMW. Ilianza mwaka 1212? Hapana, mweka hazina asituchekeshe tena na namba: ni mwaka 2012, mjini Philadelphia, pamoja na mkutano mkubwa wa watafiti unaoitwa POPL. Wanafunzi wanafundishwa maisha ya utafiti yalivyo, na wengi wanalipiwa sehemu ya safari au yote. Lakini hapa tuseme ukweli: bila pasipoti na viza, msaada wa safari ni karatasi tu. Binti alitaka kuomba, pasipoti ikachelewa, mwaka ukapita. Hilo ni funzo kwetu: pasipoti ianze mapema, siyo siku barua ya mwaliko inapofika.

Matokeo ni yapi mpaka leo? Hatutawadanganya. Mwaka jana aliomba nafasi katika vyuo vitatu na vyote vitatu vilimkataa. Alilia, mama yake akalia, na mtu mmoja katika kamati akasema basi yaishe. Msindikizaji wake hakumwambia maneno matamu. Alisoma naye barua aliyotuma, akamwonyesha kwamba kurasa mbili zilieleza shida za ukimbizi na mistari minne tu ndiyo ilieleza swali lake. Akamwambia: shida zako ni kweli, ziandike, lakini chuo kinatafuta mtafiti, waonyeshe swali. Barua mpya tumeiona. Inaanza na dola na falanga.

Safari hii anaomba pia karibu na nyumbani, kwa shahada ya pili kwanza. AIMS, taasisi ya Afrika ya hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, iko na tawi Rwanda, na Carnegie Mellon ya Marekani iko na chuo chake Kigali.

Wengine wanasema: akipata ataondoka, na hatarudi. Ndugu, sisi ni chama cha nani? Kila mmoja hapa aliwahi kuambiwa kwamba hatarudi. Tulivuka ziwa na tulirudi. Wale ambao hawakurudi, wako Marekani, Australia au Kanada, ndio wanaotutumia mchango wakati wa matanga. Hatuwezi kumfunga mtoto kwa kamba. Lakini tumekubaliana naye jambo, na ameanza kulitimiza: kila Jumamosi anafundisha watoto kumi na wawili kwa lugha ya programu iitwayo Hedy, iliyotungwa na Felienne Hermans wa Uholanzi. Hedy imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtoto ambaye bado hajui Kiingereza anaandika amri kwa maneno ya nyumbani. Hilo pia ni matunda ya utafiti wa lugha za kompyuta: mtu fulani aliuliza kwa nini mtoto ajifunze Kiingereza kwanza ndipo azungumze na mashini.

Sasa ombi letu. Dola 15 kwa mwezi za mega na umeme, kwa miezi kumi na miwili. Pesa hiyo haitatoka kwenye sanduku la matanga wala la ugonjwa. Itatoka kwenye zawadi za wafadhili, na mweka hazina ataisoma hapa kila baada ya miezi mitatu, kwa dola katika safu ya dola. Pili, tunaomba mwanachama anayejua Kiingereza ajitolee saa mbili kwa wiki kwa vijana wote, siyo huyu mmoja. Tatu, tumemtuma mtu kwa yule kijana wa simu, kumuomba msamaha na kumuuliza swali lake lilikuwa nini. Amesema atakuja Jumamosi.

Mama uliyeuliza, aksanti. Bila swali lako tusingeandika haya. Jibu letu ndilo hilo; sasa mikono juu ni yenu.