Mali ya Yatima: Nani Ana Ruhusa ya Kuuza?



Leo tunazungumza juu ya jambo lililo katika vijiji vyetu, kutoka Endebess na Kiminini mpaka Chwele na Kimilili. Baba amekufa, watoto ni wadogo, na shamba lina jina la marehemu. Baba mdogo, au nyanya, au hata mama mzazi, anashikwa na shida ya pesa. Anaita mnunuzi. Wanapima hatua, wanaandika karatasi mbele ya mashahidi wawili, na ekari moja imekwenda. Miaka kumi ikipita mtoto amekuwa kijana, anauliza, "Sehemu ya baba iko wapi?" Hapo ndipo panga na matusi huanza, au kesi. Korti za Kitale na Bungoma zinazijua sana kesi za namna hii.

Basi swali letu ni hili: ni nani mwenye ruhusa ya kuuza?

Kenya tunayo Sheria ya Urithi, sura ya 160. Ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Wengine husema, "Hiyo ni ya watu wa mjini, sisi tunafuata mila." Hapana. Sheria hiyo iliacha mashamba ya wilaya kadhaa kavu yafuate mila, kama vile West Pokot na Turkana, majirani zetu. Bungoma na Trans Nzoia hazimo katika orodha hiyo.

Kifungu cha 45 kinasema mtu asiguse mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Asiuze, asigawe, asijimilikishe. Anayevunja kifungu hicho anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili, na bado atadaiwa mali aliyoiharibu. Sheria haiulizi kama wewe ni ndugu wa damu. Kumlea mtoto ni jambo moja, kuuza shamba lake ni jambo jingine. Mlezi anapewa mtoto amtunze, hapewi shamba liwe lake.

Sasa njia ya haki ni ipi? Kwanza, familia inapata barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Hapa tuwe macho. Mara nyingi jina la binti huachwa nje, au watoto wa mke wa pili, au mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa. Hao wote ni watoto wa marehemu, na sheria haigawi mali kwa kuangalia nani mvulana na nani msichana.

Pili, faili inafunguliwa kortini. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na watu hupewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Pakiwa na watoto wadogo, korti haitoi barua za usimamizi kwa mtu mmoja peke yake. Kwa kawaida huwa wawili, ili mmoja amwangalie mwenzake.

Tatu, watu wengi hujikwaa hapa. Ukipewa barua za usimamizi, bado huwezi kuuza shamba. Kwa kawaida unangoja miezi sita, kisha unarudi kortini barua zithibitishwe. Siku hiyo hakimu au jaji anataka kujua kila mrithi ni nani na fungu lake ni kiasi gani. Kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi kabla ya uthibitisho huo. Na hata baada yake, fungu la mtoto linashikwa kwa amana mpaka afike miaka 18. Msimamizi analishika kwa niaba yake, na anaweza kuitwa atoe hesabu.

Mama mjane atauliza, "Hata mimi niliyelima shamba hili na marehemu?" Mama, wewe una haki ya kukaa hapo na kulitumia shamba maisha yako. Lakini ukiwa na watoto, kifungu cha 37 kinasema huwezi kuuza ardhi hiyo bila ruhusa ya korti, hata kama ni kwa matunzo yako mwenyewe. Hilo halikusudiwi kukudharau. Linakukinga na wewe pia, maana shemeji wakija kukusukuma uuze, una jibu: "Nendeni kortini mkaombe."

Tusijifanye kwamba walezi wote ni wezi. Wengi huuza kwa sababu karo imekosekana, au mtoto amelazwa hospitalini na hakuna pesa za kulipa. Shida hizo ni za kweli. Tuchukue mfano. Tuseme marehemu aliacha ekari tatu na watoto wanne, na mlezi anataka kuuza ekari moja ili wakubwa wawili wasome. Je, wale wadogo wawili watabaki na nini zamu yao ikifika? Kwa hiyo korti itauliza shida ni nini, bei ni gani, na pesa zitatumika vipi. Tena kabla ya kuuza kuna njia nyingine. Msimamizi mwenye barua anaweza kukodisha sehemu kwa msimu wa mahindi, akalipa karo, na udongo ukabaki wa watoto.

Sasa niwaambie wanunuzi, maana nao ni wanachama wetu. Mtu ameuza ng'ombe wawili, amechukua mkopo wa kikundi, amenunua, amejenga. Halafu anaambiwa aliyemuuzia hakuwa na ruhusa. Huo ni uchungu mkubwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya ardhi ukaangalie jina lililo katika rejista. Likiwa la mtu aliyekufa, omba hati ya korti iliyothibitishwa, na usome majina yote. Shamba la kulima linahitaji pia kibali cha bodi ya kusimamia ardhi. Bila kibali hicho mauzo ni bure. Karatasi ya mashahidi wawili na muhuri wa chifu haitoshi.

Kwa watu wa Trans Nzoia naongeza neno. Mashamba mengi hapa yalikuwa ya walowezi, yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, na wengine bado wana cheti cha hisa tu. Hisa ya marehemu pia ni urithi. Kwenda kubadilisha jina katika kitabu cha kampuni kimyakimya ni kugusa mali ya marehemu.

Na mkiona mauzo yanaandaliwa, msingoje. Kifungu cha 93 kinaweza kumlinda mnunuzi aliyeuziwa na msimamizi mwenye barua za korti, hata barua hizo zikifutwa baadaye. Ndiyo sababu ni afadhali kuzuia mapema. Mtu mwenye haki katika shamba anaweza kuweka kizuizi katika ofisi ya ardhi, kile wanachokiita kosheni. Mtu mzima anaweza kwenda kortini kwa niaba ya mtoto na kuomba mauzo yasimamishwe, au barua zilizopatikana kwa kuficha warithi zifutwe. Mwendee pia afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtaka mlezi wa mali ya mtoto ailinde na atoe hesabu yake. Si lazima kwenda Kitale au Bungoma mjini, maana mahakimu wa Kimilili, Webuye na Sirisia nao husikiliza mambo ya urithi, kulingana na thamani ya mali. Asiye na pesa za wakili aulizie msaada wa kisheria wa serikali ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Mwisho, kazi ya kikundi. Kwa Wabukusu, baada ya mazishi, wazee hukaa na kuuliza madeni ya marehemu. Desturi hiyo ni nzuri. Tuongeze swali moja: watoto ni wangapi, na karatasi za shamba ziko kwa nani? Katibu aandike majibu katika kitabu cha kikundi. Mwekahazina atenge kidogo kutoka michango yetu kwa nauli na ada ya kufungua faili, maana familia nyingi hukwama hapo tu. Na kikundi kisitoe mkopo wa kununua shamba ambalo mwenyewe ni marehemu, mpaka hati ya korti ionekane.

Tunapokutana tena, kila kikundi kije na idadi ya familia zenye yatima ambazo hazijafungua faili. Tutaanzia hapo.