Uso Usiolia



Sauti yangu hii kavu mnaijua. Bwenini mliniita Gogo. Mwaka 1996 nilipomzika mdogo wangu, aliyefukiwa na kifusi katika duara huko Geita, sikuweza kulia. Uso ulibaki vile vile. Jioni watu wakanong'ona: amemtoa kafara apate dhahabu. Mama peke yake ndiye aliyenishika mkono.

Mimi mwanamume nilipona kwa kuhama. Lakini huku kwetu Shinyanga vikongwe wameuawa, wakiitwa wachawi, kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe jikoni. Enyi wanafunzi, mkienda likizo, kaeni na bibi moshini dakika kumi, kisha mtazamane macho.