Mti Mama wa Parachichi



Dominika moja baada ya Misa, kule Makambako, alinifuata mama mmoja akiwa na kijana wake wa miaka 9. Yeye na mumewe ni wenyeji wa Kanda ya Ziwa. Biashara ndiyo iliyowaleta huku kwetu. Mtoto ana ugonjwa wa selimundu, nanyi mwajua baridi ya mwezi wa saba inavyomtenda mwenye maumivu ya mifupa. Mama akaniuliza: “Baba, nasikia ng’ambo wanatafuta dawa katika seli shina, lakini hutolewa kwa watoto wasiozaliwa. Ikifika kwetu, nimpe mwanangu au niiache?”

Sikumjibu papo hapo. Sisi wa rika langu tulisomea maadili seminarini katika vitabu vilivyoandikwa kabla jambo hili halijakuwako, na mama mwenye mgonjwa hastahili jibu la kubahatisha.

Wengi wenu hapa Njombe mmepanda parachichi za Hass. Miti yote ya aina hiyo ulimwenguni yatokana na mti mmoja, uliokuwa California, Marekani, katika shamba la tarishi mmoja, Rudolph Hass. Vikonyo vyake vilibebeshwa juu ya mashina mengine, na vikonyo vya hayo juu ya mengine tena, hata vikafika katika vitalu vyetu. Mti mama ulikufa mwaka 2002 kwa maradhi ya mizizi, lakini uhai wake ungali shambani kwako.

Ndivyo ulivyo ukoo wa seli. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walichukua viinitete vya binadamu vya siku chache tu. Vilikuwa vimetungwa maabara ili kuwasaidia wenye shida ya uzazi, vikabaki bila kutumiwa. Wakatoa seli zilizomo ndani, nazo zikaendelea kugawanyika pasipo kikomo. Wakapata koo 5. Tangu hapo seli za namna hiyo hugandishwa na kusafirishwa toka maabara hadi maabara, kama vikonyo. Lakini mti wa Hass uliachwa usimame, uzae, uzeeke. Kiinitete kilivunjwa.

Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba fedha za serikali ya Marekani zitatumika kwa koo zilizokwisha kuwako siku ile tu. Watafiti wakalalamika kuwa koo walizoweza kuzipata ni chache mno. Tarehe 9 Machi 2009 Rais Barack Obama akakiondoa kizuizi hicho. Hoja ya watafiti si ya kipuuzi, wala sipendi mahubiri yanayowafanya wote kuwa wauaji. Wanauliza: kiinitete kimekwisha kufa, mgonjwa yu hai, kwa nini seli zikae bure?

Someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakamletea. Akakataa kuyanywa, akayamimina mbele ya Bwana, maana aliona katika chombo kile damu ya waliohatarisha maisha yao. Maji yalikuwa safi, na kiu yake ilikuwa ya kweli. Tena mashujaa wale walikwenda kwa hiari yao, wakarudi wakiwa hai. Kiinitete hakikuulizwa, wala hakikurudi.

Kanisa, katika waraka uitwao Dignitas Personae wa mwaka 2008, halikuweka mzigo uleule juu ya kila bega. Mtafiti, aliye na uwezo wa kuchagua, laambiwa akatae vifaa vya asili hiyo, hata kama si yeye aliyetenda kosa la kwanza. Mzazi ambaye afya ya mwanawe imo hatarini hayuko mahali pamoja naye. Waraka huo, ukitaja chanjo zilizotengenezwa kwa seli za asili mbaya, wakubali kwamba mzazi aweza kuzitumia, huku akidai zitafutwe nyingine.

Nazo njia nyingine zipo. Mjapani Shinya Yamanaka, mwaka 2006 kwa seli za panya na mwaka 2007 kwa seli za ngozi ya mtu mzima, alizirudisha katika hali inayofanana na ya seli za kiinitete. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Nakiri kwamba elimu iliyomfikisha hapo ilitokana pia na utafiti wa viinitete. Mambo ya wanadamu hayatengani kirahisi kama ngano na magugu siku ya mavuno.

Basi mama, kama unanisikia: tiba ya mwanao haikungojei kwenye majokofu yale. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Seli shina hizo hutolewa kwa ndugu aliye hai, naye hurudi nyumbani kwake. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa uloto kulingana ni mmoja kati ya minne. Kijana huyu anaye dada mmoja, wa miaka 13. Jumuiya ndogo ndogo za Makambako zimekwisha kuchanga nauli, na mwezi ujao wote watatu watapanda basi kwenda kupimwa. Binti ameniambia haogopi sindano. Anachoogopa ni kuambiwa kwamba hafanani na mdogo wake.

Tuwaombee. Amina.